Nani anamnawisha anayetunawisha?



Kila Dominika, baada ya kupokea vipaji na kuviweka altareni, nasogea pembeni kidogo na mtoto wa miaka tisa au kumi ananimiminia maji mikononi. Mwenzake amesimama na kitaulo. Maji yenyewe ni machache, yanalowesha vidole tu, nami nasali kimoyomoyo nikimwomba Mungu anioshe uovu wangu. Nimefanya hivyo tangu siku nilipopewa daraja ya upadre, na kabla ya hapo nilikuwa mimi ndiye mtoto mwenye jagi.

Misa ikiisha, mtoto yule anavua kanzu sakristia, anakimbia chooni nyuma ya ukumbi, na kutoka huko anakwenda moja kwa moja kwa mama anayeuza maandazi nje ya geti. Mkono uleule ulioshika jagi la altare ndio unaoshika andazi. Nimemwona kwa macho yangu, wala si mara moja. Sikuwahi kumwambia kitu, kwa kuwa saa hiyo nilikuwa nasalimiana na waamini.

Usinicheke upesi, kwa sababu nadhani na nyumbani kwako liko jambo linalofanana na hili. Chakula kikiwa tayari, anaitwa mtoto mdogo mwenye nguvu ya kubeba jagi: "Njoo uwanawishe wageni." Anakuja na beseni mkono wa kushoto, anapiga goti kidogo, anaanza kwa mgeni, anakwenda kwa babu, kwa baba, kwa shangazi. Ni malezi mazuri. Mimi nililelewa hivyo, na bibi yangu alinikazia macho nikianza kwa mtu asiyestahili kuwa wa kwanza. Hata katika Maandiko kazi hii ina heshima yake. Kitabu cha Pili cha Wafalme, sura ya tatu, kinapomtambulisha nabii Elisha mbele ya wafalme, hakitaji kwanza miujiza yake. Kinamtaja kuwa ndiye aliyekuwa akimmiminia Eliya maji mikononi.

Lakini jiulize: mtoto huyo akishamaliza kuzunguka, nani anamnawisha yeye?

Katika nyumba nyingi nilizokaribishwa, na nimekaribishwa nyingi, hakuna. Anaweka jagi chini, anapangusa mikono kwenye kaptula, anakwenda kukaa kwenye sinia la watoto ambako mwenye mkono mwepesi ndiye anayeshiba. Akinawa, basi anatumbukiza vidole katika beseni lilelile lenye maji yaliyokwisha kupita mikononi mwetu sote. Tumemfundisha kututumikia sisi, tukadhani tumemfundisha usafi.

Ninalisema hili nikiwa na sababu. Padre huzika watu, na sehemu ya kazi hiyo ambayo sijaizoea hata leo ni kuzika watoto wadogo. Jeneza linabebwa na mtu mmoja. Wengine wao niliwaona Jumapili wakicheza chini ya mwembe wa kanisa, Alhamisi naitwa. Ukiuliza, unaambiwa aliharisha siku mbili, akatapika, usiku macho yakawa yamezama, asubuhi wakiwa njiani kwenda zahanati akatulia. Kisha tunasimama kaburini na mtu mzima mmoja anasema, kwa nia njema kabisa, kwamba kazi ya Mungu haina makosa.

Nami naamini hivyo. Ila nimefika umri wa kuogopa kumbebesha Mungu kazi ambayo si yake. Magonjwa ya kuhara bado ni miongoni mwa wauaji wakubwa wa watoto walio chini ya miaka mitano duniani, na wataalamu waliokusanya tafiti kutoka nchi mbalimbali wanatuambia kwamba kunawa mikono kwa sabuni hupunguza kuhara kwa watoto kwa karibu theluthi moja. Sisemi kila mtoto aliyekufa alikufa kwa sababu hakunawa. Mama uliyefiwa unayesoma hapa, naomba usilichukue neno hili kama jiwe la kujipiga. Kuna maji machafu, kuna vyoo vibovu, kuna zahanati zilizo mbali, na vingi kati ya hivyo haviko mikononi mwako. Nasema tu kwamba theluthi moja ni watoto wengi, na ile kauli yetu ya makaburini isitumike kufunika kipande cha sabuni ambacho hakikuwepo.

Wapo pia wanaojificha nyuma ya Injili. Mzee mmoja wa kanisa, mtu ninayempenda, alinitania mezani nilipomsubirisha ninawe: "Padre, Bwana mwenyewe alitetea wasionawa." Alikuwa na maana ya Marko sura ya saba, ambayo sisi Wakatoliki huisoma Dominika ya 22 ya Mwaka B. Mafarisayo wanawaona baadhi ya wanafunzi wanakula bila kunawa na wanamlalamikia Yesu. Naye anawajibu kwamba kinachomtia mtu unajisi si kinachoingia kutoka nje, bali kinachotoka moyoni.

Tulipoisoma sura hiyo seminarini, mwalimu wetu wa Maandiko alitulazimisha kuisoma polepole, na ninamshukuru. Unawaji uliobishaniwa pale haukuwa wa kuondoa uchafu. Ulikuwa desturi ya dini, alama ya kujitenga na watu waliohesabiwa kuwa najisi. Yesu hakuwa akizungumzia choo wala uji wa watoto. Tena endelea kusoma mistari michache mbele. Anawatolea mfano wa Korbani: mtu anatangaza kwamba mali yake imewekwa wakfu kwa Mungu, na kwa ujanja huo anaepuka kuwatunza baba na mama yake. Kilichomkasirisha Yesu ni kuona neno takatifu linatumiwa kukwepa wajibu kwa watu wa nyumbani. Basi anayechukua sura hiyo ya saba ili asihangaike na mikono ya mwanawe, ajiangalie amesimama upande gani wa hadithi.

Kuna kisa kingine ninachopenda kuwasimulia mapadre wenzangu, kwa sababu ndani yake padre alikuwa mtuhumiwa. Katika Hospitali Kuu ya Vienna, Austria, palikuwa na wodi mbili za wazazi. Mwaka 1846, katika wodi iliyohudumiwa na madaktari na wanafunzi wao, walikufa kwa homa ya uzazi zaidi ya akina mama 11 katika kila 100. Katika wodi ya wakunga hawakufika watatu. Daktari kijana kutoka Hungaria, Ignaz Semmelweis, hakupata usingizi kwa jambo hilo. Alipeleleza kila tofauti aliyoiona kati ya wodi hizo. Akagundua kwamba padre anapopeleka sakramenti kwa wanaokufa hupita katikati ya wodi ile ya kwanza, mbele yake kengele ikilia. Akafikiri labda hofu ya kengele ndiyo inayowaua. Akamwomba padre apite njia nyingine, bila kengele. Padre akakubali. Vifo vikaendelea vilevile.

Halafu mwaka 1847 daktari mwenzake akakatwa na kisu wakati wa kupasua maiti, akafa kwa dalili zilezile za akina mama wale. Hapo Semmelweis akafumbuka macho. Madaktari walikuwa wakitoka kupasua maiti na kuingia moja kwa moja kuzalisha. Akaagiza kila mtu aoshe mikono kwa maji yenye klorini. Mwaka 1848 vifo katika wodi ile vilikuwa vimeshuka hadi mmoja na kidogo katika 100. Ungedhani walimshangilia. Wengi walikataa, mtu msomi hapendi kuambiwa kwamba mikono yake ndiyo inayoua. Semmelweis alikufa mwaka 1865 katika hospitali ya wagonjwa wa akili, kabla dunia haijakubali.

Kwa hiyo tatizo hili halikuanza kwa watoto. Lilianza kwa watu wazima wanaojiona safi. Nami nilikuwa mmoja wao, na sasa niliseme.

Parokia yetu ina shule ya awali, watoto wa miaka mitatu hadi sita. Siku moja nilipita saa ya uji. Mwalimu aliponiona akataka kunifurahisha. Akauliza kwa sauti: "Watoto, kabla ya kula tunafanya nini?" Wakaitikia wote, hadi mabati yakatetemeka: "Tunanawa mikono!" Kisha wakaimba wimbo wa kunawa, na vitendo vyake, wakisugua viganja hewani vizuri kabisa. Walipomaliza kuimba wakakaa na kugawiwa uji na kipande cha muhogo. Hakuna hata mmoja aliyenawa.

Nilimwita mwalimu pembeni, nikitaka kumkemea. Akanionyesha. Bomba lilikuwa moja, kwenye tangi, na koki yake ilikuwa kimo cha kifua changu. Mtoto wa miaka minne angehitaji ngazi. Ndoo zenye koki tulizonunua mwaka 2020 wakati wa korona, zile zilizopangwa milangoni mwa kanisa kama walinzi, moja ilikuwa inahifadhi maharage ya parokia na nyingine zilikuwa zimetoboka. Sabuni ilikuwapo, ndani ya droo ya meza yake, imefungwa kwa ufunguo, kwa sababu watoto "wanaichezea". Kisha akaniambia kwa adabu, bila kunitazama, kwamba alikwisha kuomba bomba fupi mara mbili, na barua zote mbili zililetwa kwangu.

Nilizikuta kwenye faili. Ya kwanza nilikuwa nimeandika pembeni "tusubiri mavuno". Ya pili sikuiandikia kitu. Mwaka huohuo tulinunua spika mpya za kanisa.

Ndugu yangu, mtoto hafundishwi kunawa kwa wimbo peke yake. Wimbo si mbaya. Lakini wimbo bila maji ni kumfundisha mtoto kwamba usafi ni jambo la kusema mbele ya Padre. Na huko ndiko Mafarisayo wanakozaliwa.

Tulianza upya, na nitakueleza tulichofanya kwa kuwa kinawezekana hata kwako. Kwanza tulitengeneza kibuyu chirizi. Dumu la lita tano linatobolewa tundu dogo karibu na mdomo, linaning'inizwa kwenye mti uliolazwa juu ya nguzo mbili, kamba inafungwa kutoka kwenye dumu hadi kijiti kilicho chini. Mtoto anakanyaga kijiti, dumu linainama, maji yanachirizika. Hashiki koki kwa mkono mchafu, na maji yanayotumika ni kidogo sana, jambo ambalo akina mama wanaobeba ndoo kutoka mbali watalielewa kuliko mimi. Vinne kati ya vile tuliviweka njiani kutoka chooni, kimo cha kitovu cha mtoto. Kuhusu sabuni tulishindwa mara mbili. Kipande tulichokining'iniza kwenye wavu kilichukuliwa na kunguru, na wanaokaa Dar es Salaam hawatashangaa. Kilichofuata kilichukuliwa na mtu. Sasa tunakoroga sabuni ya unga kidogo katika chupa ya maji ya lita moja na nusu, tunatoboa kizibo, na chupa inafungwa kwenye nguzo. Hakuna mwizi wa maji ya sabuni.

Halafu tukachora nyayo. Hili nililisoma, sikulibuni. Huko Bangladesh, katika shule mbili za msingi za vijijini, watafiti walitengeneza njia kutoka chooni hadi mahali pa kunawia, wakachora nyayo juu yake na alama za viganja penye kunawia, bila somo la usafi wala hotuba. Kabla ya hapo, waliokuwa wakinawa kwa sabuni baada ya kutoka chooni walikuwa asilimia 4. Baada ya wiki sita walikuwa asilimia 74. Nilipolisoma nilifikiria mahubiri yangu yote. Sisi tulichora kwa rangi iliyobaki ya ukumbi, na mtoto anayeona nyayo hawezi kuzipita bila kuzikanyaga, zinampeleka zenyewe.

Vijidudu havionekani, na mtoto haamini asichokiona (Tomaso naye hakuamini, na alikuwa mtu mzima). Mwalimu wetu alibuni kitu kizuri. Alichanganya masizi ya sufuria na mafuta ya kula kidogo, akampaka mtoto mmoja kiganjani, akawaambia wasalimiane kwa mikono mmoja baada ya mwingine. Walipofika mtoto wa tano kila mtu alikuwa na weusi, na mmoja alikuwa nao mdomoni. Kisha wakanawa kwa maji matupu. Weusi haukutoka. Wakanawa kwa sabuni, ukatoka. Tangu siku hiyo wananiuliza mimi kama nimetumia sabuni.

Tukaongeza muda. Sekunde 20 ndizo zinazoshauriwa: viganja, nyuma ya mikono, katikati ya vidole, kidole gumba, na kucha ambako uji wa jana hukaa. Mtoto hajui sekunde. Anajua Salamu Maria, na Salamu Maria moja isiyoharakishwa inakaribia muda huo. Wale mnaoisali kama mnafukuzwa, salini mbili. Wasomaji wangu Walutheri na Wamoravian mna mapambio mafupi ya watoto, yatafaa vilevile. Mikono ikukutwe hewani ikauke; lile taulo moja la darasa zima tulichoma moto.

Lakini vyote hivyo ni vifaa. Nyumbani kwako pengine bomba liko ndani na sabuni yenye harufu nzuri iko juu ya sinki, na bado mtoto hanawi mpaka afokewe. Hapo angalia anamtazama nani. Nenda kwa jirani zetu Waislamu saa ya swala. Utamwona mtoto wa miaka mitatu amechuchumaa bombani kando ya baba yake, anaanza na mikono kama baba anavyoanza, maji mengi yanaishia kwenye shati. Hajaelezwa sababu. Baba yake ananawa, naye ananawa. Ameona jambo hilo kila siku tangu ajue kutembea, na baba halitumi, analifanya.

Sisi huwa tunatuma. "Nenda ukanawe!" tunapiga kelele tukiwa tumekaa kwenye kochi, simu mkononi. Mtoto anakwenda, anafungua maji, anahesabu moja mbili, anarudi ametoa viganja vyenye unyevu. Anajua unataka kusikia sauti ya maji. Inuka. Nenda naye. Wewe baba zaidi, kwa sababu kazi hii tumewaachia mama na dada wa kazi. Shika viganja vyake ndani ya viganja vyako, msugue, naye akusugue. Anayetoka kumtawaza mdogo wake chooni, anayetoka kwa kuku, anayetaka kupika, anayetaka kumlisha mtoto: hizo ndizo nyakati, na wewe mwenyewe uonekane ukizitunza. Ukirudi kazini na kumnyanyua mtoto mchanga kabla ya kunawa, wakubwa wake wamekuona.

Na kwenye mlo, mtoto akishamaliza kuwanawisha wageni, mchukue jagi mkononi mwake. Umnawishe yeye. Itakushangaza jinsi meza itakavyonyamaza. Petro alimkatalia Yesu alipoinama kumwosha miguu, kwa sababu aliona mpangilio umegeuka, na Alhamisi Kuu bado tunawaona watu wazima wakivuta miguu yao kwa aibu. Mtoto havuti mikono, ananyoosha yote miwili.

Nimejaribu Jumapili iliyopita. Baada ya Misa niliwazuia watumishi wa altare mlangoni mwa sakristia kabla hawajakimbilia maandazi. Nilikuwa bado na alba. Nikachukua jagi lilelile na beseni lilelile, nikamwambia mdogo kuliko wote atoe mikono. Alimtazama katekista kwanza kuona kama ni kosa. Katekista akaitikia kwa kichwa. Nikamimina, polepole, akakinga vizuri, kisha akabaki amenyoosha mikono inayodondoka, akinisubiri.

"Padre," akasema, "sabuni iko wapi?"

Sakristia haikuwa nayo. Katika miaka yote hiyo haijawahi kuwa nayo. Ikabidi twende wote, yeye mbele mimi nyuma nimeshika pindo za alba, tukifuata nyayo za rangi hadi kwenye vibuyu chirizi vya chekechea.